Hori la Mama Nsia

Chokaa ilikuwa bado mbichi. Nsia aliiona kabla hajamwona baba yake. Kila mbuni katika kihamba, shamba lao la nyumbani, ulikuwa umevishwa pete nyeupe kiunoni, kama nyumba zilizopakwa alama ya kubomolewa, na kando ya mfereji kopo la chokaa lilikuwa limeachwa wazi, brashi ikielea ndani. Baba yake, Mzee Ndesario, alikuwa amesema ataing'oa, na hakuwa mtu wa vitisho vitupu. Akikwambia ng'ombe atauzwa, ujue ng'ombe huyo keshafungwa kamba mpya.

Alimkuta nyuma ya nyumba akinoa shoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepanda na gari au kwa miguu?"

"Gari limenishusha kanisani."

"Basi una njaa. Kuna ndizi chunguni."

Salamu, njaa, ndizi. Mpita njia angewasikia angesema hawa baba na binti wanapatana kweli kweli. Lakini Nsia alilelewa na mzee huyu, na alijua kwamba akiwa na amani nawe hukutania mpaka ukome. Tangu hori lilipoondoka nyumbani, hakuwa amemtania hata mara moja.

Hori hilo lilikuwa gogo la mringaringa alilolichonga babu, refu kiasi cha mtu kulala ndani. Bibi alichachulia humo pombe ya mbege: ndizi mbivu zilizopikwa, ulezi ulioota na kusagwa, na gome la msesewe la kutia uchungu. Alifanya hivyo mpaka mbao zikawa nyeusi na zikanukia hata zikiwa kavu. Akaja mama Nsia, bibi harusi, akalirithi. Naye akachachua mbege iliyowatoa watu vijiji vya mbali, mpaka Jumapili moja akaokoka. Walokole wa kijiji chao, Kimaroni, hawakucheza na pombe. Mama Nsia aliapa mbele ya kanisa kwamba hatapika mbege tena, na hakupika. Kulitupa hori la mama mkwe, hilo hakuapa.

Kisha mvua ya masika ikapasua tangi la saruji la kuvundikia kahawa. Msimu umefika, matunda mekundu yako mitini, tangi linavuja. Mama Nsia alizimenya buni zake, akazitazama, akalitazama hori, akazimimina humo. Alilisuuza kwa maji tu, kwa sababu hori la mbege haliguswi na sabuni, awe ameokoka aliyelishika au hajaokoka. Mbao zilizokunywa mbege kwa vizazi viwili zikaitapikia kahawa yote.

"Mke wangu kaninyima pombe, kaipa kahawa," Mzee Ndesario alikuwa akiwaambia wageni. "Buni za nyumba hii hulewa kuliko mimi." Kisha huvuta kikombe, akanyamaza kwa muda mrefu, na hiyo kwake ilikuwa sifa kubwa.

Mama Nsia alikuwa kaburini sasa, palepale kihambani, mimea ya masale ikiwa imelizunguka kaburi lake. Hori halikuwepo. Tangi lilizibwa saruji, na kahawa iliyotoka humo ilikuwa kahawa tu. Hata hiyo hakuna aliyeinunua. Mzee mwenyewe siku hizi alikunywa maji ya moto.

"Baba, nimeona chokaa."

"Macho yako mazima, basi."

"Naomba ungoje mkutano wa wakulima. Ni Jumamosi hii."

Alijaribu makali ya shoka kwa kidole gumba. "Mkutano utaniletea nini?"

"Chachu ya mama. Ile hai, iliyotoka kwenye hori. Mfuko wa wakulima bado unayo. Wakiniruhusu, naileta hapa, tunachonga hori jipya, na kahawa inarudi kuwa ile. Ile yenyewe, si matone yao ya chupa. Watu watapanda mlima kuifuata."

Mzee aliitazama mibuni yake. Mingi aliipanda mkewe, akiitilia samadi kwa mikono mitupu na kuisemesha kama watoto wakaidi.

"Jumatatu wanaleta miche ya parachichi," alisema mwishowe. "Nitangoja mpaka Jumatatu. Nenda ukale."

*

Mfuko wa Kukuza Kahawa ya Mlimani haukuletwa na mzungu wala na serikali. Wakulima wenyewe waliuunda, kwa makato ya kila kilo, ili kahawa yao ipigiwe debe huko ng'ambo. Siku ulipoanzishwa Mzee Ndesario alisimama akasema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," watu wakacheka, naye akachanga kama wengine.

Matone yalibuniwa kwa nia njema. Kupeleka magunia kwenye maonyesho ya dunia kulikuwa ghali, basi Mfuko ukatafuta njia ya kupeleka ladha peke yake: chupa ndogo, tone moja katika maji ya moto, na mnunuzi aonje alichokosa, aagize magunia. Kazi hiyo alipewa Nsia, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko waonjaji wote wa Moshi. Walimpandikiza uzi mwembamba chini ya ulimi. Kila alipoonja, uzi ulisoma kile ulimi ulichouambia ubongo, na mashine ikachanganya na kuchanganya tena, ikimpa tone baada ya tone, mpaka uzi useme kwamba tone na kahawa ni kitu kimoja. Mashine haikujua kahawa. Ilimjua Nsia.

Alipoulizwa aanze na kahawa ya wapi, hakufikiri mara mbili, akataja ya mama yake. Na mashine iliposhindwa kufikia ile ladha, akaelewa kwamba siri haiko kwenye buni, iko kwenye mbao. Akapanda Kimaroni kumwomba baba yake hori. Mama alikuwa amezikwa msimu uliopita.

Wanunuzi walionja matone. Wakayapenda mno. Wakaagiza matone.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini walisema kwa sauti ndogo. Joto lilikuwa limeshapanda mlima. Kule tambarare mibuni ilikauka ikiwa imesimama, na watu waliokuwa wameanza kuuza mabati ya nyumba zao sasa walipokea gawio la matone. Matone hayakuhitaji mvua. Yalijenga zahanati, yakalipa ada. Chupa iliyouzika kupita zote iliitwa Mama Nsia.

Ilikuwa ukutani mwa ofisi ya wakili wa Mfuko, katika picha kubwa kuliko dirisha, na chini yake maneno ambayo Nsia mwenyewe aliyatunga: *Utamu wa ndizi iliyoivia mgombani, uchungu mdogo wa gome, na asali ya msituni inayokawia kuondoka.* Alikwenda kwa wakili kabla ya mkutano, akakaa akiwa ameyapa mgongo.

"Dada Nsia, kanuni si yangu," alisema Wakili Ambakisye. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mpole, mwenye tabia ya kumkaribisha mtu chai kabla ya kumnyima kitu. Chai ilikuwa mezani. "Kilichozaliwa kwa fedha za Mfuko ni cha Mfuko. Na Mfuko ni wa wakulima wote. Si wangu, si wako, si wa mzee wako peke yake."

"Chachu haikuzaliwa hapa. Ilikuwa kwenye mbao kabla Mfuko haujakuwepo."

"Kwenye mbao ilikuwa imechanganyikana na kila kijidudu cha kihamba. Nani aliichambua? Nani aliitenga, akailisha, ikaishi?"

"Mimi."

"Kwa mshahara wa nani? Kwa mashine ya nani?"

Nsia aliikumbuka siku ile kuliko wakili alivyoijua. Mwanga mkali ulilikata hori vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, kila kipande kikasomwa, na jioni gogo la babu lilikuwa rundo la vumbi jeusi lililojaza ndoo kadhaa. Hakuna aliyemwambia kwamba lingekatwa. Lakini naye hakuuliza, na hilo ndilo lililomla.

"Mngeweka sharti wakati ule," Ambakisye aliendelea taratibu, "ningesimama mimi mwenyewe kuwatetea. Hata sentensi moja tu. Hori ni letu, tunaazima. Sikukushauri?"

"Ulinishauri."

Naye Nsia alimshauri baba yake. Mzee Ndesario alimtazama kama aliyetukanwa. Kitu cha kutoa hakifungwi kamba, alisema, akajitwika hori begani, mzee mzima, akalishusha mpaka barabarani bila kusaidiwa. Ndivyo walivyo watu wa Kimaroni. Mtu akikuomba chungu, humuulizi atakirudisha lini. Akiwa na adabu atajua mwenyewe. Mfuko haukuwa mtu, na adabu ya kitu kisicho mtu hakuna aliyekuwa ameifikiria.

"Sasa nikwambie lililopo," wakili alisema. "Mashine imekwisha kukomaa, haiihitaji tena ile chupa ya chachu. Na wanunuzi wanataka hakikisho kwamba chanzo cha ladha ni kimoja tu duniani. Chachu hai ikitoka nje, kesho kila kihamba kitaichukua, na bei ya matone itaanguka. Jumamosi wakulima watapiga kura: irudi kwenu, au imwagwe. Mimi sina kura. Nitakubali lolote watakalosema."

Kisha, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, akampa ufunguo wa chumba baridi. "Nenda ukaiage, angalau. Mimi nina simu ya kupiga."

Chupa ilikuwa peke yake kwenye rafu. Ndani yake kulikuwa na ukungu wa rangi ya maji ya ulezi, umetulia chini. Nsia alifungua kifuniko. Harufu ilipanda: jiko la mama, moshi, sauti yake akiimba pambio huku akikoroga kahawa kwa mwiko wa mbege.

Alikuwa na leso mfukoni. Kuchovya ncha ya leso tu kungetosha. Chachu haihitaji kuwa nyingi. Unyevu wa ncha ya leso, uji wa ndizi, siku chache za joto, na kihamba kizima kingekuwa hai. Hakukuwa na mtu chumbani. Wakili alikuwa amegeuka makusudi, Nsia alilijua hilo, na alimshukuru na kumchukia kwa wakati mmoja.

Aliitoa leso. Akaikunja ikawa ncha. Akaishika juu ya mdomo wa chupa mpaka baridi ikamuuma vidole.

Angempelekea baba yake kitu cha wizi? Mama yake, ambaye aliwahi kumrudisha dukani usiku wa mvua kwa sababu ya peremende moja, angevundika kahawa katika chachu ya kuibwa? Na hiyo kahawa baba angeinywa vipi, huku ameinamisha kichwa, akimficha jirani? Isitoshe, aliamini watampa. Hilo ndilo lililomzuia zaidi ya dini na zaidi ya woga. Walikuwa majirani. Walikula kwa mama yake. Nani angemnyima mjane kijiko cha chachu ya mkewe?

Akaikunjua leso, akairudisha mfukoni, akafunga kifuniko. Baadaye alikuja kuukumbuka wepesi wa kile kifuniko, na jinsi alivyojiona mtu mwema alipokuwa akikikaza.

*

Mkutano ulifanyika katika ghala la zamani la ushirika. Halikuwa limeona gunia la kahawa kwa miaka, ila harufu ya magunia ilikuwa haijalitoka. Wote waliokaa kwenye mabenchi bado waliitwa wakulima, ingawa wengi hawakuwa na mbuni hata mmoja wa kufungia mbuzi.

Nsia alisimama akasema kwa ufupi. "Sidai matone. Sidai gawio. Sidai hata jina, ingawa ni la mama yangu na langu. Naomba kijiko kimoja cha chachu kirudi kilikotoka. Baba yangu ataung'oa mbuni wa mwisho Jumatatu. Nikipata chachu, hataung'oa. Ni hilo tu."

Watu waliguna kwa kukubali. Mwanamume mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Mpeni mtoto wa watu!" na wachache wakapiga makofi. Nsia akapata tumaini.

Ndipo Mama Kanaeli akainuka. Alikuwa ametoka tambarare, mwanamke aliyekuwa mnene na sasa amekonda, khanga imefungwa juu ya gauni la kanisani. Yeye na mama Nsia waliokoka Jumapili ileile. Kila msimu alipanda mlima kusaidia kumenya na kusuuza kahawa, akashuka na mikungu ya ndizi.

"Nsia, mwanangu, nimekubeba mgongoni," alianza.

"Ndiyo, mama."

"Basi usinichukie. Unasema chachu ni ya mama yako. Ni kweli. Lakini mikono yangu nayo ilikuwa humo horini. Yeye akimimina, mimi nakoroga. Nikitoka jasho, linadondokea humo. Kama ni haki ya mikono, hata mimi ningedai kijiko changu. Sidai. Mimi nina mjukuu anayelala kwenye mashine ya kusafisha damu, pale zahanati. Mnamjua. Mashine ile ni matone. Bei ya matone ikianguka, nani atainunulia dawa zake? Wewe, Nsia? Mimi, kwa shamba la vumbi?" Aliikaza khanga. "Nikifa nitamwambia mama yako mwenyewe. Nitamwambia nilimwaga chachu yake ili mtoto aishi. Yeye atanielewa. Sijui kama wewe utanielewa."

Nsia alitamani mtu mwenye roho mbaya asimame aongee, mlafi yeyote, ili apate wa kumkasirikia. Hakusimama mlafi. Ilimuuma sana kwamba kila aliyemnyima alikuwa na haki ya kumnyima.

Mwenyekiti alikohoa. "Mzee Ndesario. Hori lilikuwa lako. Una neno?"

Baba yake aliinuka na kuvua kofia. Nsia alimtazama kwa macho yote. Mjane akiomba, alifikiri, watalainika. Aombe tu.

"Hori nilitoa mimi," alisema Mzee Ndesario. "Nililibeba kwa bega hili. Binti yangu aliniambia niweke sharti, nikamwambia kitu cha kutoa hakifungwi kamba. Sasa mnataka nije niivute kamba ambayo sikuifunga?" Aliigeuza kofia mikononi. "Mimi naitaka kahawa ya mke wangu. Nisiwadanganye mbele ya Mungu. Naitaka kila asubuhi. Lakini sitaweza kuinywa. Kila nikiinua kikombe nitamwona mjukuu wa Kanaeli ndani yake." Alikaa, kisha akasema akiwa amekaa, "Imwageni."

Mikono iliinuka, mmoja mmoja kwanza, kisha benchi zima kwa benchi zima. Yule mwanamume wa nyuma naye aliinua wake, akitazama sakafu. Baba yake aliinua wake. Nsia aliuacha wake magotini.

Ambakisye alitaka limalizike papo hapo, wakulima wakishuhudia, ili pasiwe na maneno baadaye. Chupa ililetwa, na sufuria, na birika la maji yaliyotokota. Chachu haina kifo kirefu. Maji yalipoipiga, mvuke ulipanda, na ghala lote likajaa harufu ya jiko la mama Nsia: ndizi, ulezi, gome, mti mweusi. Wazee waligeuka kutazama mlangoni, kama wanaotarajia kumwona akiingia. Mama Kanaeli alijifunika uso kwa khanga akalia kwa sauti. Mzee Ndesario alivuta pumzi moja ndefu, akaishikilia, akatoka nje nayo.

*

Jumatatu asubuhi Nsia aliamshwa na shoka.

Hakwenda moja kwa moja kwa baba yake. Alipitia kaburini, akakata jani moja la isale, refu, lenye umande, akalifunga fundo katikati kama bibi alivyomfundisha. Mchaga akiletewa isale hulipokea. Awe amemwagiwa damu ya nduguye au amenyang'anywa shamba, hulipokea na kusamehe, kwa maana kulikataa ni kujitafutia laana. Nsia alikuwa amelijua hilo siku zote. Angeweza kulileta jani hili tangu mwanzo. Alichokiogopa ni kusamehewa kwa sababu ya desturi tu, na moyo wa mzee ubaki ulipo.

Alipiga magoti penye vipande vya mti, akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

"Baba, hori. Sikuuliza watalifanya nini. Ilinipasa niulize. Nilitaka kuonekana nimeweza, basi sikuuliza. Nisamehe."

Mzee aliliegemeza shoka. Alilitwaa jani, akalitazama fundo, akalichomeka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Nimekusamehe," alisema. "Nilikwisha kukusamehe zamani. Nilikuwa nangoja uje uombe, nawe unajua kuchelewa." Alilitazama jani tena. "Umelikata kaburini kwa mama yako bila kubisha hodi? Haya. Mtaonana wenyewe."

Ule ulikuwa utani. Mdogo, umechakaa, lakini utani. Nsia alilia palepale alipopiga magoti, kwa furaha na kwa mengine yote, na mzee alimwacha alie mpaka amalize. Kisha akalichukua shoka.

"Baba, si umenisamehe?"

"Wewe nimekusamehe. Na mibuni haikunikosea kitu. Lakini sina la kuifanyia." Akapiga. Mbuni ulitetemeka, matunda machache mekundu yakaanguka kwenye nyasi, wala hakuna aliyeyaokota.

Nsia alikwenda ndani akatoka na panga. Alikata matawi, baba yake akakata mashina, na jua lilipopanda juu ya migomba walikuwa wamefika kwenye mfereji. Wakakaa hapo kupumzika. Mzee alinywa maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, akamkabidhi na yeye.

"Nsia."

"Baba."

"Ulimi wako wanausifu mpaka ng'ambo. Mimi nimezeeka, nasahau. Juzi pale ghalani niliivuta ile harufu nikadhani imerudi. Nilipofika barabarani ikanitoka." Alikuwa akiutazama mfereji. "Hayo matone siyanywi, unanijua. Niambie wewe. Kahawa ya mama yako ilikuwaje mdomoni?"

Alikuwa amengoja miaka yote kuulizwa swali hilo na mtu huyu. Akafungua mdomo, na maneno yakaja yenyewe, bila kutafutwa.

"Ilikuwa na utamu wa ndizi iliyoivia mgombani. Kisha uchungu mdogo, wa gome. Halafu mwishoni asali ya msituni, inayokawia kuondoka."

"Hayo nimeyasoma kwenye chupa," alisema mzee bila ukali. "Nakuuliza ya nyumbani."

Nsia alifumba macho. Alilitafuta jiko, akalipata. Alimtafuta mama, akampata, mwiko mkononi, pambio mdomoni, akimnyooshea kikombe. Akakipokea. Akanywa. Lililomjia ulimini lilikuwa tone. Alilionja mara nyingi mno, mwaka hadi mwaka, akiisaidia mashine ifanane na kahawa, mpaka kahawa ilikuwa imefanana na tone, na chini ya tone hapakuwa na kitu kingine. Alijaribu tena. Alijaribu kwa muda ambao baba yake aliutumia kufunga kifuniko cha chupa ya chai, taratibu, akimpa nafasi.

"Sina, baba," alisema. "Sinayo."

Mzee Ndesario aliitikia kwa kichwa. Akauweka mkono wake mzito kisogoni kwa binti yake, kama alivyofanya alipokuwa mtoto mwenye homa, akauacha hapo.

"Basi," alisema. "Basi, mwanangu." Kisha akainuka, akajipangusa suruali. "Shika mwisho ule wa tawi, tulivute. Watu wa miche watakuwa wamekaribia."